Mexico walishindwa kesi ya mahindi ya GMO, je na sisi tunaweza kushtakiwa?

Swali limetoka kwa dada mmoja anayenunua mahindi Kibaigwa na kuyavusha Namanga kwenda Kenya. Nimelifupisha kidogo (GMO ni mazao yaliyobadilishwa jeni maabara): "Nimesikia Mexico walikataa mahindi ya GMO ya Marekani wakapelekwa kwenye kesi wakashindwa. Kwani nchi haina haki ya kukataa chakula isichokitaka? Na sisi Tanzania ambao haturuhusu GMO, siku Kenya wakianza kuyalima wakataka kutuuzia si watatushtaki na sisi? Halafu mteja wangu wa Nairobi kaanza kuniulizia karatasi ya kuonyesha mzigo wangu sio GMO, hiyo nayo inatoka wapi?"

Dada yangu habari za kazi, pole na foleni ya mpakani. Umeuliza matatu kwa mpigo, nitaanza na Mexico maana hilo ukilielewa mengine yanajijibu yenyewe.

Haki ya kukataa ipo, hakuna mkataba wa biashara unaosema lazima ule kitu usichokitaka. Ila nchi ikishaweka saini kwenye hiyo mikataba inakuwa imekubali kwamba ikizuia chakula cha mwenzake kwa sababu ya afya au mazingira itaonyesha kazi yake, yaani nani alipima hatari, alipima lini na akakuta nini. Hapo ndipo watu wanapoangukia. Nimesoma hizi hukumu miaka mingi (moja ina zaidi ya kurasa elfu moja, niliiprinti nusu wino ukaisha) na sijakuta hata moja ambapo waamuzi wamekaa wakasema GMO ni salama au GMO ni sumu. Hawaulizi hilo kabisa. Wanauliza ulipima kabla ya kuzuia, au ulizuia kwanza ndio ukaanza kutafuta sababu?

Sasa Mexico. Tarehe 31 Desemba 2020, siku watu wako kwenye pilika za mwaka mpya, rais wao wa wakati ule Andrés Manuel López Obrador alitoa amri kwamba dawa ya magugu ya glaifosati iondolewe taratibu na mahindi ya GMO yatoke kwenye mlo wa wananchi, mwisho Januari 2024. Tatizo la kwanza lilikuwa kwenye maneno yenyewe, ile amri haikueleweka vizuri kama inagusa mpaka chakula cha mifugo au ni tortilla peke yake, ile chapati yao ya mahindi ambayo kwao ni kama ugali kwetu. Na hapo ndipo penye hela. Mahindi meupe ya tortilla Mexico wanajilimia wenyewe na yanawatosha. Wanachonunua Marekani ni mahindi ya njano ya kulishia kuku, nguruwe na ng'ombe, mamilioni ya tani kila mwaka, na Mexico ndio mteja mkubwa kabisa wa mahindi ya Marekani. Sasa mwambie mkulima wa Iowa kwamba mteja wake namba moja anafunga duka, na mahindi karibu yote ya kule ni GMO, unadhani atalala?

Kelele zikawa nyingi, ikabidi Februari 2023 amri ifutwe na itoke nyingine. Hii mpya ikatenganisha mambo: mahindi ya GMO kwa ajili ya unga na tortilla marufuku palepale, na ya mifugo na viwandani yatabadilishwa pole pole bila kutaja tarehe. Wao walidhani wamelegeza. Marekani hawakuona hivyo, Juni 2023 wakaomba mazungumzo rasmi chini ya mkataba wa biashara wa nchi tatu za Amerika ya Kaskazini, ikashindikana, Agosti likaundwa jopo la waamuzi watatu, Canada nao wakajiunga pembeni kama mtu wa tatu kwenye kesi. Tarehe 20 Desemba 2024 majibu yakatoka. Marekani walikuwa na hoja saba wakashinda zote saba. Na kwenye mkataba ule hakuna rufaa, ukishindwa umeshindwa.

Lakini angalia hoja ya Mexico maana haikuwa ya kipuuzi hata kidogo. Walisema hivi: nyie mnaosema mmepima mkakuta hakuna shida, mmepima kwa mtu anayekula mahindi kidogo kidogo kwenye bisi na biskuti, wakati sisi mahindi ndio chakula chenyewe, asubuhi mchana jioni, tunayachemsha na chokaa tunasaga tunakula, kiasi tunachoingiza tumboni hakifanani na cha Mmarekani. Mimi nilipoisoma hiyo nikasema hawa jamaa wana pointi, hata sisi wala ugali tungesema hivyohivyo. Jopo nalo halikuwacheka. Lilichowaambia ni kwamba sawa, kama mnakula zaidi basi hiyo ndiyo sababu ya kufanya tathmini yenu wenyewe ya hatari, ya mlo wenu, kwa njia inayokubalika kimataifa. Iko wapi? Na tathmini ya namna hiyo haikuwepo wakati marufuku inatoka. Walileta lundo la tafiti za watu wengine, mzigo mkubwa kweli, ila kukusanya makaratasi ya watu ukayafunga pamoja sio sawa na kupima. Ni kama mteja wako akuambie gunia zako zina unyevu, ukimuuliza umepima na mashine ipi anakuletea makala alizosoma kuhusu unyevu.

Walijitetea pia kwamba wanalinda mbegu zao za asili, na hilo jopo lilikubali kwamba ni jambo halali. Mexico ndiko mahindi yalikozaliwa, wana aina za asili zinazokaribia 60, za kila rangi, na jamii za wenyeji wamezitunza kwa maelfu ya miaka. Ila jopo likasema marufuku ya kuweka GMO kwenye unga wa tortilla hailindi shamba la mtu. Ukitaka kulinda mbegu zuia mbegu, wewe umezuia unga. Hapo Mexico walijifunga wenyewe goli.

Februari 2025 wakatangaza kwamba zile sehemu za amri hazifanyi kazi tena. Watu wengi hadithi wanaiishia hapo, wanasema ubabe umeshinda, kwisha. Ila mwezi uliofuata, Machi 2025, chini ya rais mpya Claudia Sheinbaum, Mexico waliweka kwenye katiba yao marufuku ya KUPANDA mahindi ya GMO. Kwenye katiba, sio amri tena. Na upande wa kupanda hawakuanza jana, mahakama yao ilikuwa imesimamisha vibali tangu 2013 na mahakama kuu kabisa ikaiunga mkono 2021. Kwenye kesi ile Marekani hawakugusa kupanda kabisa, kwasababu mkulima wa Iowa hapeleki shamba lake Mexico, anapeleka nafaka. Kwahiyo shika hili dada: kuna kuzuia kupanda, kuna kuzuia kuuza kama chakula, na kuna kuzuia kuingiza. Huku kwetu tunasema tu "tumekataa GMO" kama vile ni kitu kimoja. Kwenye kesi ni vitu vitatu, na cha kwanza ndicho chenye makelele machache kuliko vyote.

Hapa kuna kona moja inayonisumbua na naomba uniruhusu nizunguke kidogo. Punje ya mahindi ni chakula lakini pia ni mbegu, haijali umeipa jina gani kwenye karatasi ya forodha. Mwaka 2001 watafiti wawili, Quist na Chapela, walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba wamekuta vinasaba vya GMO kwenye mahindi ya asili ya Oaxaca, kusini mwa Mexico, sehemu ambayo hairuhusiwi kuyapanda. Ukazuka ugomvi mkubwa wa kisayansi mpaka jarida lenyewe likaja kusema ushahidi ule haukutosha kuchapishwa. Lakini mwaka 2004 tume ya mazingira ya zile nchi tatu ilitoa ripoti ndefu, na moja ya mapendekezo yake ilikuwa mahindi yanayotoka Marekani yasagwe yakivuka mpaka. Maana mwanakijiji akinunua debe la mahindi ya kula, akaona punje nzuri, atazitupia shambani, ndivyo tunavyofanya hata sisi, nani hajawahi?

Na huku kusini mwa Afrika jambo hilohilo lilitokea kwa uchungu zaidi. 2002 kulikuwa na njaa, msaada wa mahindi ukaja ukiwa na GMO ndani, Zambia chini ya rais Mwanawasa wakakataa kabisa, wakati majirani kama Zimbabwe na Msumbiji walisema leteni ila yawe yamesagwa. Mimi kwa mtazamo wangu kusaga ndio jibu la akili kuliko yote yaliyowahi kutolewa kwenye huu mjadala wote. Unga hauoti. Unakuwa umelinda shamba bila kumfungia mtu biashara, na hata ukifikishwa mbele ya waamuzi una kitu cha kusema.

Kesi nyingine inayotajwa kila mara ni ya Ulaya, hiyo nitaipitia haraka isipokuwa sehemu moja. Kuanzia 1999 Umoja wa Ulaya waliacha tu kutoa vibali vya GMO mpya, hawakusema tumepiga marufuku, maombi yalikuwa yanakaa kwenye meza mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mei 2003 Marekani, Canada na Argentina wakaenda Shirika la Biashara Duniani, hukumu ikatoka Septemba 2006 (ndio ile ya kurasa elfu na zaidi). Kuchelewesha bila sababu nako kukaonekana ni kosa. Utamu uko kwa nchi sita, Austria, Ufaransa, Ujerumani, Ugiriki, Italia na Luxembourg, ambazo zilikuwa na marufuku zao binafsi juu ya mazao ambayo Ulaya yenyewe ilishayaruhusu. Wakajitetea kwamba sayansi haijatosha ndio maana tukachukua tahadhari. Mkataba kweli unaruhusu hatua ya muda pale ushahidi usipotosha. Lakini kamati za wataalamu za Ulaya hiyohiyo zilikuwa zimeshapima yale mazao na kuandika kwamba hazijaona tatizo. Utasemaje sayansi haitoshi wakati mtu wako wa nyumbani keshaandika ripoti na muhuri kagonga? Shahidi wa mpinzani alitoka chumbani kwao.

Walijaribu pia kuleta Itifaki ya Cartagena, ule mkataba wa usalama wa viumbe waliobadilishwa jeni ulioanza kazi 2003 na ambao unaongea lugha ya tahadhari. Jopo likasema hatutautumia hapa, Marekani hawamo kwenye huo mkataba. Nasisitiza hili kwasababu kila nikienda kwenye semina kuna mtu atasimama aseme "sisi tunalindwa na Cartagena". Unakulinda kwa mwenzako aliyesaini na yeye. Kwa asiyesaini ni karatasi nzuri tu.

Na baada ya kushindwa Ulaya walifanyaje? Walivuta muda, Canada na Argentina wakamalizana nao kwa makubaliano, Marekani wakaomba ruhusa ya kulipiza 2008 halafu wakaisimamisha. Kisha 2015 Ulaya wakatunga sheria inayoruhusu kila nchi mwanachama kukataa KUPANDA kwa sababu zake yenyewe, hata za matumizi ya ardhi au siasa ya kilimo, sio lazima iwe sayansi, na zaidi ya nusu ya nchi zao zikajiandikisha kukataa, nchi nzima au baadhi ya maeneo. Wakati huohuo soya ya GMO ya kulisha mifugo inaendelea kushuka bandarini kwao kwa mamilioni ya tani. Umeona, wameishia palepale walipoishia Mexico. Shambani hapana, bandarini ndio.

Usidhani pia kila ugomvi unaishia kwenye jopo. China 2013 walianza kurudisha meli za mahindi ya Marekani kwasababu yalikutwa na aina moja ya GMO, MIR162, ambayo wao walikuwa bado hawajaipa kibali, zaidi ya tani milioni moja zilikataliwa. Hakuna aliyewapeleka China popote. Wakulima wa Marekani waligeuka wakaishtaki kampuni ya mbegu, Syngenta, kwamba umetuuzia mbegu kabla soko kubwa halijaikubali ukatuharibia bei, na kampuni ikaishia kukubali kulipa dola bilioni 1.5 hivi. Mwenye nguvu anakataa na wanaogombana ni wengine, ndio dunia ilivyo.

Sasa turudi nyumbani, swali lako la pili. Kenya wao walipiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO Novemba 2012, wakati wa Kibaki, baada ya utafiti wa Séralini wa Ufaransa wa panya waliopata uvimbe. Utafiti huo jarida lililouchapisha likauondoa mwaka uliofuata, marufuku ikabaki miaka kumi, mpaka serikali ya Ruto ilipoiondoa Oktoba 2022. Muda wote huo Marekani walikuwa wanaiandika kwenye ripoti zao za vikwazo vya biashara lakini hawakufungua kesi. Kwanini? Sisemi najua kilichokuwa vichwani mwao, ila kesi ni gharama na soko la Kenya kwao sio Mexico. Shinikizo lilikuja kwenye meza ya mazungumzo ya biashara, huko ndiko nchi zetu zinakobanwa kweli, sio mahakamani. Na tangu marufuku iondolewe Kenya wenyewe wamekuwa wakishtakiana huko ndani, mahakama ya mazingira ikatupa kesi Oktoba 2023, Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikatoa amri ya kusimamisha kwa muda uingizaji wa GMO. Kwahiyo yale mawazo kwamba kesho lori la mahindi ya GMO la Kenya litapiga hodi Namanga, punguza presha. Isitoshe mahindi hapo mpakani yanaelekea upande gani? Wewe ndiye unayewapelekea!

Tanzania upande wake ilikuwa na majaribio ya mahindi ya GMO Makutupora, Dodoma, yalianza 2016, Novemba 2018 ikaagizwa yasimame na mazao yaharibiwe, Januari 2021 waziri wa kilimo wa wakati huo Profesa Mkenda akatangaza kufunga kabisa hayo mambo. Je tunaweza kushtakiwa? Kwa kuzuia kupanda, sioni. Kwa kuzuia kuingiza, ndio inawezekana kisheria, sisi na Kenya wote tuko kwenye Shirika la Biashara Duniani na wote tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ina sheria yake ya 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha na ina mahakama yake hapo Arusha. Na kama ingefika huko, kinachonitia wasiwasi ni kwamba tulisimamisha majaribio, sasa siku tukiulizwa mlipima nini tutajibu nini? Unaweza kuipinga GMO kwa moyo wote, mimi sina ugomvi na wewe, lakini anayeipinga ndiye anayehitaji maabara zaidi kuliko anayeiruhusu. Hili nimelisema mbele za watu wakanitazama kama nimelipwa na kampuni za mbegu. Natamani, hata gari langu linahitaji tairi.

Ila kiuhalisia majirani huku hawaendi kwenye kesi. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya kilimo ya Afrika Kusini na Malawi kwasababu na wao walikuwa wamezuia ya kwetu, ikapigwa simu, wakakaa wakaongea, siku chache tu zikaondolewa. Hata Machi 2021 wewe unakumbuka vizuri kuliko mimi, Kenya walifunga mahindi ya Tanzania na Uganda ghafla kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu kwenye nafaka, malori yakapanga foleni, na ndani ya wiki wakafungua kwa masharti.

Na hapo ndio jibu la swali lako la mwisho. Huyo mteja wako anayetaka karatasi ya GMO, muulize kwanza yeye anauza wapi. Kama anasagia kiwanda ambacho kinapeleka unga nje au supamaketi yenye masharti yake, basi ni sharti la mnunuzi, sio la serikali, na gharama ya kupima mkae mgawane, usiibebe peke yako. Mahindi ya Kibaigwa yametoka kwenye nchi ambayo haina mbegu ya GMO iliyoruhusiwa sokoni, hilo liandike kwenye mkataba wenu na ambatanisha cheti chako cha afya ya mimea kinachoonyesha mzigo umetoka wapi. Akitaka kipimo cha maabara, mkubaliane kabla hujapakia sampuli inachukuliwaje, maana mtu akichomoa punje kutoka gunia moja la juu akapeleka maabara hiyo haisemi chochote kuhusu tani 30.

Ila cha kukukwamisha wewe hapo mpakani sio GMO, ni sumukuvu. Masharti ya 2021 yalisema isizidi maikrogramu 10 kwa kilo na mzigo uwe na cheti chake, na hiyo inaanzia kwenye kukausha, sio Namanga. Ukinunua mahindi ambayo mtu kayaanua yakiwa mabichi akayajaza kwenye lumbesa wiki mbili ghalani, hakuna karatasi itakayokuokoa. Nunua kile kipima unyevu cha mkononi, na ikisoma zaidi ya asilimia 13.5 mwambie muuzaji akaanike tena, hata kama dereva anapiga honi.